Mabingwa wa Shamba la Maua

Saa kumi na moja jioni ikishapita, mabasi ya kampuni za maua huanza kurudi Karagita. Hushusha watu kando ya Moi South Lake Road, wengi wao akina mama, leso mabegani, vidole vimekwaruzwa na miiba ya waridi. Wananunua sukuma wiki na nyanya za kupima kwa mafungu, kisha wanapotelea ndani ya ploti. Kwa vinyozi na kwenye vibanda vya kuonyesha mpira, mechi za wikendi zimeandikwa kwa chaki ubaoni: Arsenal, Man U, Chelsea. Kijana anayekunyoa anaweza kukutajia kikosi chote cha Arsenal cha mwaka 2004, hata waliokaa benchi. Mtegee kitendawili hiki: ni timu gani ya barabara hii iliyowahi kuwa bingwa wa Kenya mara mbili mfululizo? Wengi watakupa mji.

Jibu ni Oserian. Ilitwaa ligi kuu mwaka 2001, ikaitwaa tena mwaka 2002. Ni takriban robo karne sasa, na sijaona mtu akipigia tarumbeta kumbukumbu hiyo.

Hadithi ya timu hii haisimuliki bila ya nyumba moja iliyo kwenye shamba hilohilo, kwa kuwa ardhi ni moja na jina ni moja. Ila nyumba ile imeandikiwa vitabu, imetengenezewa filamu, na watalii huiulizia kwa jina. Timu haina hata kibao.

Kutoka Karagita barabara inalizunguka ziwa kwa kusini. Unapita Kwa Muhia. Unapita DCK, herufi tatu ambazo watoto wa hapa huzitamka kama jina lolote la kijiji, kumbe ni kampuni ya Kidenmaki, Dansk Chrysanthemum Kultur, iliyokuwa miongoni mwa waasisi wa kilimo cha maua ya kuuza ng'ambo nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Unafika Kamere, unaiacha Elsamere alikoishi Joy Adamson upande wa majini, na mbele yake ndipo ardhi ya Oserian inapoanza. Jina ni la Kimaa, na kampuni yenyewe hulifasiri kuwa mahali pa amani. Wamaasai waliolitoa jina hilo walikwisha kuhamishwa huku: mkataba wa mwaka 1904 uliwasukuma kutoka nyanda za Naivasha kwenda Laikipia, na ule wa 1911 ukawatoa Laikipia tena na kuwapeleka kusini. Jina likabaki, wenyewe hawapo. Katika Bonde la Ufa hilo si jambo geni.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Mwingereza mmoja aitwaye Cyril Ramsay-Hill alijenga nyumba yake hapo ufuoni. Aliijenga kwa mtindo wa Wamori wa Hispania: kuta nyeupe, kuba, ua wa ndani, matao. Ukiitazama kwa mbali toka ziwani ungedhani kipande cha Afrika Kaskazini kimepotea njia kikaangukia kwenye mafunjo na viboko. Ikaitwa Djinn Palace, jumba la majini. Mswahili wa pwani angesita kuipa nyumba yake jina hilo, maana majini hawaitwi kwa mzaha. Wazungu wa Naivasha waliliona tamu.

Na kweli nyumba haikutulia. Mke wa Ramsay-Hill, Molly, alichukuliwa na Josslyn Hay, Earl wa Erroll, kijana mzuri wa sura, mwenye cheo na asiye na pesa, kinara wa lile kundi la walowezi waliojulikana kwa ulevi na kubadilishana wake. Inasimuliwa kwamba Ramsay-Hill alimcharaza kiboko hadharani Nairobi. Viboko havikurudisha kitu: Molly na Erroll walioana mwaka 1930 na jumba likawa makao yao. Molly alifariki mwaka 1939. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941 Erroll alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi, upande wa Karen. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, mzee ambaye mkewe kijana, Diana, alikuwa ameanza mapenzi na Erroll. Mahakama ilimwachilia Julai mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akajiua kule Liverpool. Mwaka 1943 Diana akaolewa na Gilbert Colvile, tajiri wa ng'ombe wa Ndabibi, jirani tu hapo, ambaye alimnunulia jumba lile. Baadaye wakaachana naye akawa mke wa Lord Delamere wa nne.

Nimeyapitisha mambo hayo mbiombio kwa makusudi, kwa sababu atakaye kuyasoma kwa kirefu hatakosa pa kuyasoma. Mwaka 1982 James Fox alichapisha kitabu chake, White Mischief, na mwaka 1987 kikageuzwa filamu, mwaka uleule alioaga dunia Diana. Kila kizazi huibua mchunguzi mpya mwenye jina jipya la muuaji. Risasi moja ya mwaka 1941 ina maktaba nzima. Waliopika, waliofua, waliochota maji na kuwasha taa katika jumba lile hawana hata ukurasa mmoja wenye majina yao kamili.

Sasa geuza macho. Mwaka uleule wa 1982, wakati kitabu cha Fox kinatoka matbaani, shamba la Oserian lilikuwa linaingia kwenye maua. Mholanzi Hans Zwager alikuwa ameanzisha kampuni hapo mwaka 1969, akilima mboga. Zilipokuja sitatisi na mikarafuu, kisha waridi, mambo yakabadilika upesi. Upande wa pili wa kilima, mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa Olkaria ulikuwa umewashwa mwaka 1981. Miaka ya baadaye Oserian ingeutumia mvuke huohuo wa ardhini kupasha joto vitalu vyake vya waridi. Maji yalikuwapo, jua lilikuwapo, na Nairobi yenye uwanja wa ndege ilikuwa mwendo wa saa mbili. Kilichohitajika ni mikono.

Mikono ikaja. Ilitoka Kisumu na Siaya, Kakamega na Bungoma, Kisii, Nyandarua, Murang'a. Shamba lilikuwa na makazi ya wafanyakazi, shule na zahanati, na wasiopata nafasi kambini wakapanga vyumba nje. Hivyo ndivyo vijiji kama Karagita vilivyofura vikawa miji isiyo na mipango. Na popote Wakenya elfu wanapokusanyika kwa kazi, kuna mpira kabla hujamaliza kuwahesabu.

Timu ya kampuni ni taasisi ya Kikenya ambayo haijapewa heshima yake. Utaratibu wake unajulikana na kila aliyekulia karibu na kiwanda. Kijana anaonekana kwenye mechi ya mtaani. Anaitwa, anapewa namba ya kazi, labda ya karani wa stoo, labda ya ulinzi, labda ya kupulizia dawa. Mshahara unatoka kwenye orodha ileile ya wafanyakazi wengine. Asubuhi anaonekana kazini, mchana anapotea, jioni yuko uwanjani. Wenzake kazini wananung'unika kwamba anakula bure, mpaka Jumamosi afunge bao. Hapo wanaapa kwamba walifundishana naye kazi. Akivunjika mguu, namba ya kazi inabaki naye, angalau kwa muda. Kwa mtoto wa mkulima asiye na karo ya kumfikisha chuo kikuu, huo ndio ulikuwa udhamini wa masomo na pensheni kwa pamoja.

Isome orodha ya mabingwa wa Kenya polepole, uone inavyokueleza uchumi wa nchi kuliko hotuba nyingi za bajeti. Bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1963, alitoka Nakuru: Nakuru All Stars, timu ya mji wa reli na wa maghala ya wakulima. Kisha zikaja timu za watu wa nyumbani waliokutana mjini: Luo Union mwaka 1964, Feisal ya Mombasa mwaka 1965, Abaluhya mwaka 1966, Gor Mahia mwaka 1968. Hao walikuwa wahamiaji wa mjini, na timu ilikuwa ni nyumbani kwao. Miaka ya 1970 kiwanda cha bia kikaingia: Kenya Breweries walishinda mwaka 1972. Mwaka 1980, serikali ya Moi ilipokataza majina ya kikabila, Abaluhya wakawa AFC Leopards na Luo Union wakawa Re-Union, na watu wakaendelea kushangilia walichokuwa wakishangilia siku zote.

Mwaka 1997 kombe lilikwenda chuoni. Utalii, timu ya chuo cha mafunzo ya hoteli na utalii kilichofunguliwa mwaka 1975 kando ya barabara ya Thika kwa msaada wa Uswisi, ilikuwa bingwa wa Kenya. Nalitaja hili kwa sababu vyuo vyetu vikuu, pamoja na viwanja vyote vilivyo navyo, havijawahi kufika hapo. Chuo cha kufundisha wapishi na wahudumu ndicho kilichofika. Huo ulikuwa wakati ambao nchi iliishi kwa watalii. Miaka minne baadaye ikawa inaishi kwa maua, na bingwa akawa shamba la maua.

Magazeti yaliiandika Oserian Fastac. Kwa mashabiki wa Nairobi ilikuwa timu ya huko mashambani, jina ambalo baadhi ya watangazaji walilikanyaga kila walipolitamka. Tusker, warithi wa Breweries, walikuwa wamechukua ubingwa mwaka 1999 na mwaka 2000, na nyuma yao walikuwa Gor na Leopards wenye umati wa nchi nzima. Kuwavua Tusker taji mwaka 2001 kungeweza kuitwa bahati. Kulitetea mwaka 2002 hakuwezi. Ligi ni safari ya miezi mingi, ya barabara mbovu na viwanja vya vumbi, na bahati haitoshi kukufikisha mwisho wa safari ya namna hiyo mara mbili.

Tangu enzi za Nakuru All Stars, kombe la ligi lilikuwa halijarudi Bonde la Ufa. Liliporudi halikwenda Nakuru wala Eldoret. Lilikwenda Naivasha, tena si mjini, bali kwenye shamba lililo mwisho wa barabara ya ziwa, ambako ukimuuliza mtu anatoka wapi anakutajia kijiji cha mbali sana na hapo aliposimama.

Siwezi kuandika habari hii bila kusema jambo moja linalonikera. Wengi wa wanaochuma na kupanga maua Naivasha ni wanawake. Namba za kazi zilizogeuzwa jezi zilikuwa za wanaume. Wanawake walikuwa mashabiki, waliimba, walifua jezi, na waridi walizokata zilifika kwenye mnada wa Uholanzi siku ya pili yake. Katika sifa za timu ya shamba hilo, wao ndio udongo wenyewe, na udongo hautajwi.

Kwa nini basi ushindi huo umefifia hivyo? Sababu moja ni picha. Televisheni ya SuperSport ilianza kuonyesha ligi ya Kenya kwa uzito miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo mabao ya Oserian yaliishia machoni mwa waliokuwapo. Sababu nyingine ni kwamba mara tu baada ya taji la pili, nyumba nzima ya mpira wa Kenya ilishika moto. Mwaka 2003 klabu na shirikisho viligombana hadi ligi ikagawanyika, na mwaka 2004 FIFA ikaifungia Kenya kwa muda kwa sababu ya serikali kuingilia uongozi. Katika vurugu hiyo taji lilipita kwa Ulinzi Stars, timu ya jeshi ambayo kwa miaka mingi iliutumia uwanja wa Afraha mjini Nakuru. Wao walishinda mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005. Oserian ikaondoka ligi kuu na kurudi kwenye madaraja ya chini, ambako timu huishi bila waandishi wa habari.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote, nadhani, ni hiyo namba ya kazi. Gor Mahia ikishuka, bado kuna Wajaluo. Timu ya shamba ina mashabiki kadiri mkataba unavyoendelea. Mtu akiachishwa kazi, au akipata kazi shamba jingine, au akirudi nyumbani kwao na watoto, anaondoka na kumbukumbu yake mfukoni. Karagita ni mji wa wanaokuja. Ploti ile iliyokuwa na shabiki sugu wa Oserian mwaka 2002 leo ina msichana wa miaka 20 aliyefika juzi kutoka Kitale.

Na wengine hawakuondoka kwa hiari. Tarehe 27 Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Naivasha, watu waliuawa na nyumba zilichomwa kwa sababu ya majina ya ukoo. Maelfu ya watu, wengi wao wafanyakazi wenye asili ya Nyanza na Magharibi, walikimbilia kituo cha polisi na gereza la Naivasha. Wengi walipanda malori wakaenda zao moja kwa moja. Februari ni mwezi wa Valentine, na maua hayangoji. Mashamba yalihangaika kutafuta mikono ya kuyavuna, na dunia ikapokea waridi zake. Waliokuwa wamekaa bega kwa bega kushangilia bao moja miaka sita nyuma walikuwa sasa wanaulizana kitambulisho.

Mpira ulirudi hata hivyo, na safari hii ulirudi ukiwa pacha. Shamba la Sher, la Waholanzi pia, lililoko barabara hiihii, lilinunuliwa na Karuturi, kampuni ya Wahindi wa Bangalore, mwaka 2007. Timu yake ilipanda hadi ligi kuu. Mwaka 2011 Karuturi Sports ilikuwa miongoni mwa timu 16 za juu nchini. Msimu uliofuata Oserian nayo ikapanda. Mwaka 2012 barabara moja, ya lami iliyochimbika na vumbi la malori ya maua, ilikuwa na timu mbili katika ligi kuu ya Kenya. Mombasa haikuwa na hata moja msimu huo. Bandari walikuwa wameshuka. Ukitaka kuujua uzito wa waridi katika nchi hii, anzia hapo.

Tusker wakawa mabingwa wa 2012. Pacha wa Naivasha hawakudumu katika ligi kuu, si hii wala ile. Mwaka 2014 Karuturi yenyewe iliwekwa chini ya mrasimu kwa madeni, na wafanyakazi wake wakakaa miezi wakidai mishahara. Shamba lisiloweza kulipa mkataji maua halina la kumwambia mshambuliaji.

Linganisha na nyumba nyingine, ya mzungu mpweke, iliyo kule Njoro, upande wa pili wa Nakuru. Lord Maurice Egerton alianza kuijenga ngome yake mwaka 1938 na hakuimaliza hadi mwaka 1954: vyumba 52, vya mtu mmoja asiye na mke, ambaye wenyeji husimulia kwamba hakutaka mwanamke yeyote akanyage humo. Mwaka 1939 alitoa ardhi kwa ajili ya shule ya kilimo ya vijana wa kizungu. Shule hiyo ikawa chuo, chuo kikafungulia milango watu wa rangi zote, na mwaka 1987 kikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Leo ngome iko mikononi mwa chuo hicho. Wanafunzi wa kike hupiga picha za mahafali kwenye ngazi zake. Timu yao ya raga, Wasps, inajulikana nchini. Chuo kikuu kina msajili, kina maktaba, kina mtu aliyeajiriwa kutunza karatasi. Mwanafunzi akimaliza huitwa mhitimu maisha yake yote. Hakuna neno la mtu aliyemaliza kukata maua.

Jumba la majini halikuwa na bahati ya kugeuka chuo, wala halikuwa na balaa ya kubomoka. Lipo bado kati ya miti yake ufuoni, jeupe, nyumba ya binafsi kwenye shamba la binafsi. Watu wa Karagita walio wengi wanalijua kwa jina na hawajaliona. Mwongoza watalii atakuhadithia juu ya Erroll na Diana kwa kituo, mpaka rangi ya gari. Nilipomuuliza mmoja wao kuhusu ubingwa wa 2001 alicheka, akadhani namzungumzia Gor.

Jumapili ndiyo siku ambayo mashamba mengi huwapumzisha watu wao, na alasiri ya Jumapili kuna mpira Karagita, kwenye kipande cha ardhi kisicho na nyasi. Milingoti ni miti ya mikaratusi. Mpira ukitoka nje unaweza kuingia kwenye kibanda cha muuza mihogo, ambaye haurudishi mpaka aombwe vizuri. Jezi ni za Arsenal na Chelsea, zile za mitumba. Beki mmoja wa kushoto siku niliyosimama hapo alivaa shati la kazi la shamba, rangi ya kijani iliyochujuka, na maandishi ya mgongoni yalikuwa yamefutika kwa kufuliwa, zikabaki herufi tatu za mwisho.